Jirani Aliyepita Karibu

Somo: Zaburi 147:1-6, Warumi 15:1-7

Leo sina budi kuwatoa nje ya nyumba usiku, nanyi mnaokaa sehemu za baridi mjifunike vizuri.

Katika mwezi wa Aprili, kama saa tatu za usiku, ukisimama mahali pasipo taa za umeme ukaelekea kaskazini, utaona nyota saba zilizopangwa kama sufuria yenye mkono mrefu, nayo imepinduliwa mdomo chini. Ni sehemu ya kundi liitwalo Dubu Mkubwa. Kwetu Kenya, kwa kuwa Ikweta inapita katika nchi yetu, Dubu huyu hapandi juu sana. Hutembea karibu na upeo wa kaskazini kama ng'ombe alishaye ukingoni mwa shamba. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Biblia yetu humtaja Dubu pamoja na watoto wake, pale Mungu anapomwuliza Ayubu maswali yale yasiyojibika. Wataalamu wa Kiebrania wangali wanabishana kama nyota zilizotajwa pale ni hizi au ni nyingine, nasi tusiingie katika ugomvi wao.

Chini ya sufuria hiyo, upande wa kushoto kidogo, kama ngumi mbili juu ya upeo ukiunyosha mkono wako, pana mahali ambapo jicho tupu halioni kitu. Ukiazima darubini ya macho mawili, na anga likiwa safi, utaona madoa mawili hafifu kama ukungu, moja la mviringo na jingine jembamba. Hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumza, maana yamenifundisha jambo juu ya namna tunavyohukumiana kanisani.

Tarehe 31 Desemba 1774, usiku ambao sisi huwa kanisani katika kesha la kufunga mwaka, kijana wa miaka 27 aitwaye Johann Elert Bode alikuwa Berlin akiutazama upande huo wa mbingu kwa darubini. Aliyaona madoa yote mawili usiku uo huo. Mwaka 1781 Charles Messier wa Paris akayatia katika orodha yake. Messier alikuwa mwindaji wa nyota zenye mkia, na orodha yake ilikuwa ya vitu vinavyofanana nazo lakini sivyo, ili yeye na wenzake wasipotezewe muda navyo. Madoa ya Bode yakapata namba 81 na 82, na hata leo yanaitwa M81 na M82. Basi vitu vya ajabu namna hii viliandikwa katika orodha ya vitu vya kupitwa.

Kila doa ni galaksi, yaani mji wa nyota. Jua letu nalo ni raia wa mji kama huo, uitwao Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru unaoonekana ukikatiza mbingu usiku wa giza. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini hutufikia kwa sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye jua, kwa dakika kama 8. Kutoka M81 husafiri karibu miaka milioni 12. Najua yuko msikilizaji ambaye hesabu hii itamsumbua, naye ataniandikia barua. Nitamjibu kwa furaha, ila si leo. Leo namwomba anisikilize tu, akikumbuka kwamba Muumba wetu hana haraka kama sisi.

M81 ni galaksi yenye mikono. Katikati pana kiini kinachong'aa, cha rangi ya manjano, mkutano wa nyota za zamani. Na kutoka hapo mikono imejizungusha kwenda nje, kama mama anavyoanza kiondo kwenye kitako akizungusha uzi pole pole. Katika mikono hiyo nyota changa za rangi ya samawati zinazaliwa. Ndani kabisa ya kiini mna shimo jeusi lenye uzito wa majua kama milioni 70, nalo limetulia. Ukiona picha zake zilizopigwa na darubini ya Hubble, ile iliyorushwa angani mwaka 1990, utasema kwamba huyu amelelewa nyumba nzuri.

Jirani yake hana sura hiyo. M82 ni nyembamba, imelala ubavu, na watu waliipa jina la Sigara, jina ambalo mimi kama mchungaji nisingelichagua. Vumbi jeusi limeikatakata. Kutoka katikati yake ndimi nyekundu za gesi zinatoka juu na chini, kwa urefu wa maelfu ya miaka ya nuru. Nyota zinazaliwa humo kwa kasi ya kutisha, kama mara 10 ya kasi ya Njia Nyeupe yetu nzima, ingawa M82 ni ndogo. Nyota kubwa kubwa huishi maisha mafupi kisha hulipuka, na nguvu ya milipuko hiyo ndiyo inayoisukuma gesi nje. Kwa Kiswahili cha nyumbani tungesema, inaungua.

Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, Roger Lynds na Allan Sandage, walichapisha makala wakieleza ushahidi wa mlipuko katika kitovu cha M82. Walikuwa watu makini, na ndimi zile walizipima vizuri. Lakini angalieni swali lilivyowekwa tangu hapo: Je, kuna nini ndani yake? Ni kitu gani kimeharibika katika kiini chake hata ikawa hivi? Ni swali la halali. Mtu akiona nyumba inawaka moto, ataanza kutazama jikoni mwa nyumba ile ile.

Sasa nije kwenye redio, chombo hiki hiki kinachowaletea sauti yangu. Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, mwanachuo aitwaye Hendrik van de Hulst alifanya hesabu akaona kwamba haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, inapaswa kutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Ni kama shibiri moja ya mtu mzima. Mwaka 1951 wimbi hilo likanaswa kwa mara ya kwanza, huko Harvard, Marekani. Gesi hiyo ikiwa ya baridi haitoi nuru ambayo jicho linaweza kuiona. Imo gizani kabisa. Lakini inasema, na mwenye kifaa cha kusikilizia aweza kuisikia.

Katika jimbo la New Mexico, kwenye uwanda mkavu, zimesimamishwa antena 27 za mfano wa ungo, kila moja ina upana wa mita 25, nazo husikiliza pamoja kama sikio moja. Mwaka 1994 Min Yun, Paul Ho na K. Y. Lo walichapisha ramani ya haidrojeni ya M81 na majirani zake, iliyochorwa kwa antena hizo. Katika picha ya kawaida twaona galaksi tatu, kila moja na mambo yake, na giza tupu katikati yao: M81, M82, na ndogo nyingine iitwayo NGC 3077. Katika ramani ya redio lile giza limejaa. Kamba ndefu za gesi zimetoka M81 kwenda M82, na nyingine zimepinda hadi NGC 3077. Zote tatu zimefungamana kama ng'ombe waliofungwa kwa kamba moja, na jicho halikujua.

Maana yake ni kwamba zilipita karibu. Inakadiriwa kuwa jambo hilo lilitokea miaka mamia ya milioni iliyopita. Wengine hutaja milioni 300. Nyota zao hazikugongana. Zilipita tu jirani. Lakini kila galaksi ina uzito, na uzito huvuta. Mwezi wetu huyainua maji ya bahari pale Mombasa yakajaa na kupwa mara mbili kwa siku, wala mwezi haugusi hata tone moja. Ndivyo M81 ilivyoivuta M82. Gesi iliyokuwa imetulia ikatikiswa, ikaporomoka kuelekea katikati, ikasongamana, na moto ukawaka. Moto ulikuwa ndani ya M82, ndiyo, lakini habari ya moto ilianza kwa jirani.

Na M81 yenyewe? Hiyo ndiyo nzito. Gesi yake ya nje ilivutwa, na huenda baadhi ya nyota changa za mikono yake zilichochewa wakati huo. Lakini umbo lake limebaki zuri. Ukiitazama kwa macho peke yake hutajua kwamba iliwahi kukutana na yeyote. Ndogo ndiyo iliyoungua, na kwa kuwa moto uko kwa ndogo, ndogo ndiyo iliyofanyiwa uchunguzi.

Nyota hazitendi dhambi, wala sitaki mtu aseme kasisi amehubiri redioni kwamba galaksi kubwa ni mbaya. Uvutano ni amri ya Muumba, na M81 inaitii. Sisi wanadamu ndio tunaoweza kugeuka nyuma tukaangalia.

Nilialikwa wakati mmoja kuhubiri katika parokia iliyo mbali na kwangu, na baada ya ibada wakanikaribisha niketi kama mgeni katika halmashauri yao. Jambo la nne katika ajenda lilikuwa la mama mmoja mjane, mwanakwaya wa miaka mingi, ambaye kwa miezi saba hakuonekana kwenye Meza ya Bwana. Mzee mmoja alisema kwamba amerudi nyuma. Mwingine akasema tangu mumewe afariki ameingiwa na kiburi, hata salamu haitikii vizuri. Wa tatu alikuwa amesikia kwamba anahudhuria mikutano ya dhehebu jipya karibu na soko. Yote yaliyosemwa yalikuwa juu ya kitu kilichoharibika ndani yake. Karani akaanza kuandika kwamba aonywe.

Ndipo mama mmoja mzee, mjumbe wa akina mama, akaomba nafasi. "Wazee wangu," alisema, "kuna aliyekwenda kwake?"

Kukawa kimya. Mwenyekiti akasema, "Mama, tuambie wewe."

"Mimi nilikwenda. Nilikaa jikoni mwake mpaka chai ikaisha katika birika. Hakusema mengi. Alinisimulia habari za ile harambee ya mabati."

Wengi wenu mnajua harambee ya kanisa inavyokwenda. Meza huwekwa mbele, mwenye kipaza sauti husoma jina na kiasi, watu hupiga makofi. Siku ile muumini mmoja mfanyabiashara alitoa shilingi 50,000, na kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Ni mtu mwema. Nasema hivyo kwa kuwa nilizungumza naye. Jina lililofuata katika orodha lilikuwa la yule mjane. Mwenye kipaza sauti, hali furaha ingali imempanda, akasoma kwa sauti ile ile: "Hamsini!" Watu wakangoja neno "elfu". Halikuja. Ilikuwa shilingi hamsini. Basi watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka tu kama watu wacheKavyo jambo likiwashtua. Mfanyabiashara alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake, anapeana mikono na jirani zake, hata hakusikia. Lakini mtoto mdogo wa yule mjane alimvuta mama yake nguo akamwuliza, "Mama, wanacheka nini?"

Hiyo ndiyo habari yote. Hapakuwa na mtu aliyemtukana. Ungetafuta mkosaji pale usingempata, na hapo ndipo ugumu ulipo. Najua mmekwisha kuikumbuka Marko 12 na senti mbili za mjane wa Yerusalemu, na wale wazee nao waliijua; wameihubiri mara nyingi, hasa siku za kuchanga. Lakini siku ya harambee hakuna aliyeiona ikipita mbele ya macho yake.

Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni la dhambi: ni nani aliyeikosa, yeye au wazazi wake? Walimtazama aliyeumia wakatafuta sababu katika ngozi yake na katika damu yake. Bwana aliyakataa yote mawili. Na sisi tukiona kijana amekuwa mlevi, tunasema ana pepo ya ulevi. Tukiona msichana amekimbia nyumba ya baba yake, tunasema hana adabu. Huenda ni kweli. Lakini ni mara ngapi tumeuliza ni nani aliyepita karibu naye, na lini, na kwa uzito gani?

Nawe ndugu mwenye nguvu, neno hili ni lako kwanza. Paulo anapoandika Warumi 15 hawaanzi wanyonge. Anawaanza walio na nguvu, akijihesabu mmoja wao, na kuwaambia kwamba wana deni. Nguvu si fedha peke yake. Elimu ni uzito. Kuwa mtoto wa ukoo mkubwa ni uzito. Joho langu la ukasisi ni uzito, nami nikikaripia mtu mbele ya wengine, haanguki yeye peke yake. Hata ushuhuda ni uzito. Unaposimama Jumapili kumshukuru Mungu kwamba mwanao amefaulu mtihani, katika benchi la nyuma ameketi mzazi ambaye wake alitumwa nyumbani kwa kukosa karo. Unapomsifu Bwana aliyekuponya, kuna aliyemzika mkewe wiki iliyopita baada ya kuomba kwa maneno yale yale. Sisemi usishuhudie. Shuhudia, lakini ukisha kuketi, geuka utazame nyuma. Anayeungua mara nyingi hatoi sauti ambayo sikio la kawaida litaisikia, na ndiyo maana yule mama mzee alihitaji kukaa mpaka birika la chai likaisha.

Na wewe unayeungua sasa, ambaye habari zako zinazungumzwa katika vikao usivyoitwa, nina Zaburi ya 147 kwa ajili yako. Mtunzi anasema kwamba Mungu huwakusanya waliotawanyika na kuwaponya waliopondeka moyo, tena huwafunga jeraha zao. Kisha, bila hata kupumua, mstari unaofuata anasema kwamba Mungu huyo huyo huhesabu nyota na kuzijua kwa majina. Nilipokuwa chuo cha theolojia niliona mistari hiyo miwili imewekwa pamoja kwa bahati tu, kama vitu katika kapu la soko. Siku hizi siioni hivyo. Kufunga jeraha huhitaji mtu aijue habari yote: kilichotokea, kilianzia wapi, nani alipita. Anayezijua nyota za M82 kwa majina hakuhitaji ramani ya mwaka 1994 ili aione ile kamba ya gesi gizani. Hakuuliza kwanza una nini ndani yako. Alikuwapo wakati wa kupita kule.

Tena kuna jambo dogo juu ya galaksi hizi ambalo hunipendeza. Kando ya M81 kuna galaksi moja ndogo sana iitwayo Holmberg IX, na nyota zake nyingi ni changa. Wataalamu wengi hudhani kwamba ilitokana na gesi iliyochanwa wakati wa ile ajali. Sitaki kuijenga mahubiri juu ya neno "hudhani". Nawaambia tu kwamba ipo.

Mtataka kujua mwisho wa ile halmashauri. Karani alifuta neno "aonywe". Yule mfanyabiashara alipoambiwa alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwuliza mama mzee kama anaweza kumpeleka. Walikwenda Jumamosi, yeye na mkewe, miguu mitupu ya maneno, yaani bila hotuba. Walikunywa chai, wakamsaidia kuchambua maharagwe, wakarudi. Hakumpelekea fedha, na nadhani alifanya vyema. Harambee iliyofuata michango ilitiwa katika bahasha bila majina kusomwa. Wapo walionung'unika kwamba kiasi kilipungua, na ni kweli kilipungua. Mabati ya upande wa kusini yalichelewa mwaka mzima. Yule mjane hakurudi Jumapili iliyofuata, wala mwezi uliofuata. Alirudi wakati wa Majilio, akaketi nyuma karibu na mlango, na mtoto wake akaketi naye.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyeziweka nyota jirani kwa jirani, tunakuletea wale tuliopita karibu nao tusijue. Wengine tumesahau hata majina yao, wewe hukuyasahau. Tuonyeshe mmoja wao wiki hii, utupe miguu ya kwenda kwake na subira ya kuketi. Na yeye anayesikiliza sasa peke yake, aliyeacha kwenda kanisani na hakuna aliyemfuata, umfuate wewe, Bwana. Kwa Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.